Hisa za Eunike

Eunike Mtui, muuguzi wa Marangu, alinunua hisa kwa miaka kumi na minane jinsi wenzake walivyonunua vitenge. Fedha za maziwa na za kahawa aliteremka nazo Moshi mjini kwa dalali wa hisa. Hakukurupuka. Alisoma taarifa za kampuni miwani ikiwa puani, akiuliza yale yale: faida imekua miaka mingapi mfululizo? Madeni yanabebeka? Gawio la wenye hisa lililipwa hata mwaka mbaya? Kampuni nyingi alizikataa. Mbili tu zilimridhisha, benki moja na kiwanda kimoja cha saruji, na hizo hakuziuza hata siku alipolala bila mboga.

Ila zote aliziandikisha kwa jina la mumewe. Aminieli alinuna kuona mke ana mali ya peke yake, na Eunike alitaka amani nyumbani.

Aminieli alipofariki, ukoo ulikaa kikao, ukamteua mdogo wake, Hosea, kusimamia mirathi. Mwezi ule bei za hisa zilikuwa zimeporomoka.

“Karatasi haziliwi, shemeji,” alisema Hosea. “Tuuze, tununue lori la kubebea ndizi.”

“Subirini, shemeji. Iliyoanguka ni bei, kampuni haijaanguka. Nimezichagua mimi, kwa jasho langu.”

“Zina jina la nani?”

Eunike akamgeukia Praygod, mwanawe wa pekee, mtu mzima wa miaka thelathini, aliyemwona mama yake akihangaika na ndoo za maziwa tangu yuko shule ya msingi. Neno lake moja lingetosha. Lakini Praygod alikuwa ameshaahidiwa usukani wa lori. Akainamisha kichwa, akasaini karatasi ya kukubali hisa ziuzwe.

Lori lile kuukuu lilidumu miezi saba. Injini ilikufa kwenye mteremko wa Himo, likauzwa kama chuma chakavu.

Miaka sita imepita. Hisa za benki ile zimepanda mara nne, na gawio lake linalipwa kwa watu ambao Eunike hawajui.

Mwezi uliopita Praygod alikuja na kilo mbili za sukari, akamkuta mama yake uani akimenya ndizi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Siku hizi napandisha wageni mlimani, napata kidogo. Nataka kununua hisa. Nichagulie kampuni nzuri.”

Kisu hakikusimama.

“Kampuni nzuri inataka miaka ishirini, Praygod. Mimi nina sitini na tisa. Miaka yangu mliiuza ninyi.”

“Mama, nisamehe.”

“Nilikusamehe kanisani, mbele ya mchungaji. Nikarudi nyumbani nikakuta moyo bado.”

“Basi nifundishe tu namna ya kuchagua.”

“Kamuulize baba yako mdogo.”

Praygod alisubiri labda mama atacheka. Hakucheka. Aliinua beseni lake la ndizi, akaingia jikoni, na sukari ikabaki pale kwenye kigoda.