Friwili Iliyochomelewa

Kwa miaka mingi nilikuwa nikimtukana fundi yeyote anayechomelea friwili, na sikumtukana kwa sauti ndogo. Mteja akiniletea baiskeli ya namna hiyo, naigeuza miguu juu mbele ya kibanda changu, hapa Busia upande wa Uganda, nawauliza wote waliokaa pale ni nani aliyemfanyia mwenzake unyama huu. Watu walicheka. Mimi sikuwa nacheka.

Kwa asiyejua, friwili ni kile chuma cha duara chenye meno kwenye gurudumu la nyuma, kinachopokea cheni. Ndiyo inayokuruhusu kuacha kukanyaga na baiskeli ikaendelea na safari, yenyewe ikilia tik tik tik. Ikichakaa ndani, unakanyaga hewa tu: pedali zinazunguka, gurudumu limetulia. Sasa mtu mwenye friwili ya namna hiyo akiwa na magunia ya mkaa kwenye keria na haraka ya kuvuka mpaka, kuna mafundi humchomelea friwili ikashikana na gurudumu, wakamwambia nenda, itakufikisha. Na inamfikisha kweli. Lakini tangu hapo gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka, utake usitake. Hakuna kupumzika. Ukijisahau kwenye mteremko, pedali zinakupiga miguu mpaka uombe msamaha.

Niliita hiyo kazi ya mvivu. Nilisema hivyo mpaka dada yangu alipokuja kukaa kwangu.

Dada yangu amenizidi miaka sita. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, kwa baiskeli ya baba, mimi nikiwa nimepenyeza mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti sikukifikia. Kwake ni Kirewa, kule Tororo, na maisha yake yote yalikuwa dagaa, hizi tunazoziita mukene. Magunia yalimfikia kwa gari, na kutoka hapo ilikuwa yeye na baiskeli yake, kijiji kwa kijiji mpaka Kiyeyi, jiwe la mizani mfukoni na mdomo wazi. Watu walimsikia kabla ya kumwona. Halafu kisukari kikamletea kidonda kwenye mguu wa kushoto, kidonda kikakataa kupona, na hospitali wakaukata juu ya goti.

Mimi mke wangu alikuwa amefariki miaka mitatu kabla. Watoto wako mbali na kazi zao. Nikamwambia dada aje kwangu mpaka apate nguvu, naye akaja na magongo mawili, sufuria yake na lile jiwe la mizani la kilo mbili, ambalo sikuelewa amelibeba la nini.

Hakumaliza wiki mbili. Asubuhi moja akatoka na magongo yake mpaka kibandani, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema, "Fundi, nitengenezee baiskeli."

"Ya nani?"

"Ya mama yako. Ya nani tena? Yangu."

Nikamwambia kama anataka kwenda Kirewa nitampakia kwenye gari, afike kama mheshimiwa. Akaniangalia kama ninavyowaangalia wachomeleaji.

"Kufika si shida, ndugu yangu. Nikishafika je? Nikae kwenye kigoda niangalie njia, watu waniletee maji? Bila baiskeli, kule mimi ni mzigo. Kama ni mzigo, basi afadhali niwe mzigo wako."

 Na swali la ufundi lilikuwa limeshanishika, nikiri ukweli. Mguu mmoja, baiskeli moja. Unakanyaga, mguu unashuka mpaka chini, halafu? Nani anaupandisha? Siku zote mguu wa pili ndio hufanya kazi hiyo bila mtu kuushukuru. Nilikuwa nimetengeneza baiskeli tangu nikiwa kijana na sikuwahi kujiuliza jambo hilo. Siku ile sikufanya kazi ya mteja yeyote. Nilipanda baiskeli yangu, nikakunja mguu wa kushoto, nikazunguka kibanda nikikwama kila nikifika chini, watu wakiuliza kama nimeugua.

Baiskeli nilichukua ile yake mwenyewe, iliyoletwa kwa gari kutoka Kirewa, nikakata bomba la juu, nikachomelea jingine chini, ili apande bila kurusha mguu. Hiyo ilikuwa rahisi. Ugonjwa ulikuwa pedali.

Jaribio la kwanza naona haya kulisimulia. Nilifikiri, mguu ukifungwa kwenye pedali utaweza kuivuta juu pia. Nikakata mkanda wa mpira wa tyubu, nikamfunga vizuri kabisa. Na kweli akaenda. Alikwenda hatua labda ishirini, akafurahi, akafunga breki ili arudi kunisifu, na hapo ndipo tulipogundua wote wawili kwamba nimeufunga mguu pekee alio nao. Akaanguka polepole, upande mzima, kama mti uliokatwa. Nilipomfikia alikuwa amelala chini anacheka hadi machozi. "Fundi mzima," alisema. "Fundi wa mpakani."

 Mkanda ule niliutupa chooni.

Jaribio la pili lilikuwa chuma kirefu kutoka kwenye usukani mpaka kwenye pedali tupu ya kushoto, asukume kwa mkono. Lilifanya kazi, ila kila akisukuma, usukani unageuka, na baiskeli inakwenda kama mlevi anayetafuta mlango. La tatu nililipenda. Nilifikiri: mguu wa kushoto ulikuwa uzito, basi nimpe uzito. Mguu wa kulia ukiwa unapanda, kitu kizito upande wa kushoto kiwe kinashuka. Nikatafuta chuma kila mahali. Yeye akaingia ndani, akarudi na lile jiwe la mizani.

"Nalo unalitoa?"

"Sina soko. Napima nini?"

Nililifunga kwa bolti mbili mahali pedali ya kushoto ilipokuwa. Likasaidia sana, mguu ulipanda mwepesi. Lakini kule chini kabisa, mguu ukiwa umenyooka na jiwe liko juu kabisa, vyote viwili vilisimama vikangojana. Jiwe halikujua lidondokee mbele au nyuma. Ilibaki sehemu ndogo, upana wa vidole vitatu, na kwa vidole hivyo vitatu nilikosa raha. Nilikuwa nakula nafikiria vidole vitatu. Dada akinipakulia kalo, ugali wetu wa wimbi, na magira ya kunde, nazungusha tonge kwenye sahani nikiangalia linapokwama, naye ananiambia chakula si cheni.

Basi siku moja akaja mchuuzi wa mkaa kutoka pande za Masaba, amekunja uso.

"Fundi, hii baiskeli nanivuta miguu. Mimi nachoka, yeye nakataa kupumzika."

Niliijua kabla hata sijaigeuza. Imechomelewa. Nikaanza hotuba yangu ya kila siku, wavivu, wauaji wa baiskeli, huku nimeshainua gurudumu la nyuma na kulizungusha kwa mkono ili watu waone aibu ile kwa macho yao. Gurudumu likazunguka, na pedali zikazunguka nalo, hakuna aliyezigusa. Zikapanda, zikashuka, zikapita pale chini bila kukwama hata kidogo.

Nikanyamaza katikati ya tusi.

Nikazungusha tena. Nikaweka kiganja juu ya pedali ya kulia, nikakiacha kilegee. Ilipofika chini ilikibeba ikakipandisha. Ilikuwa inanipandisha mkono. Nikakumbuka yule mtu analalamika kwamba inamvuta miguu, na nikaona kwamba hicho alichokilalamikia ndicho nilichokitafuta mwezi mzima.

Nikamwomba aniazime baiskeli kidogo. Nikapanda, nikakunja mguu wa kushoto, nikajisukuma. Mwanzo ulikuwa mzito, halafu gurudumu likishapata mwendo, lenyewe linauchukua mguu kutoka chini na kuurudisha juu, unakanyaga tena, linaurudisha tena. Nilikwenda mpaka nyuma ya maghala na kurudi kwa mguu mmoja. Nilimfungia yule bwana gurudumu jipya lenye friwili nzuri, nikabaki na lake bovu. Aliondoka haraka, akiogopa nitapata akili.

Nilifunga gurudumu lile kwenye baiskeli ya dada, nikaliacha jiwe upande wa kushoto, nikaweka meno machache mbele ili kupanda mlima kuwe kwepesi, na chuma kidogo mbele ya fremu cha kuegeshea mguu kwenye mteremko, pedali zizunguke zenyewe. Nikaijaribu peke yangu, dada akiwa amelala mchana. Ilikwenda kama maji.

Na sasa ndipo pale ambapo ningependa kusema nilimwamsha.

Sikumwamsha. Nilisimama na ile baiskeli, nikasikia sufuria yake inachemka ndani, harufu ya magira imejaa ua mzima, na nikakumbuka nilivyokuwa nakula kabla hajaja: mkate na chai, nimesimama, redio inaongea na mimi. Sikutaka aende. Hayo ndiyo maneno, sina mengine. Alipoamka akauliza, "Vipi?" nikasema, "Bado kidogo."

Bado kidogo ikawa wimbo wangu. Cheni imelegea. Kiti kinayumba. Jiwe linagonga. Na hayo yote yalikuwa kweli, ndio ubaya wake. Fundi akitaka kasoro hazikosi. Nilibadilisha bolti za jiwe mara tatu. Nilimruhusu akae juu yake nikiwa nimeshikilia kiti, twende hadi mlangoni na kurudi, halafu nashusha kichwa nasema naona kitu hapa. Yeye aliitikia tu, "Sawa, fundi." Yeye, mtu ambaye hajawahi kuniambia sawa tangu tuzaliwe. Hilo lilipaswa kunishtua, lakini halikunishtua.

Siku moja nikavuka upande wa Kenya kutafuta cheni nyingine, cheni ambayo haikuhitajika. Nilichelewa huko, nikizungumza na wenye maduka. Niliporudi nilimkuta dada jikoni na kitambaa kwenye kiwiko.

"Nimeteleza," akasema. "Hapa kwako sakafu mbaya."

Nikampa pole. Baiskeli ilikuwa pale pale nilipoiegesha, ila tairi la mbele lilikuwa na udongo mwekundu na jani limenasa kwenye spoku. Nikajiambia ni kuku. Ndiyo, kuku. Mtu asiyetaka kuona huona kuku.

Zikapita siku kumi. Jioni moja, kabla jua halijazama, nilikuwa nimechuchumaa tena kando ya ile baiskeli, nafungua bolti ambayo niliifunga asubuhi. Dada akaja na magongo yake, akakaa kwenye benchi.

"Unafanya nini?"

"Jiwe linagonga."

"Haligongi."

"Wewe hulisikii, lakini mimi..."

"Haligongi," alisema. "Ile siku ulivuka upande wa Kenya niliipanda. Nilikwenda mpaka kwenye mashine ya kusaga, nikageuza, nikarudi. Nilianguka mara moja, wakati wa kusimama, kosa langu mwenyewe. Jiwe halikugonga hata kidogo."

Spana ilikuwa mkononi. Sikujua niiweke wapi. Nikaanza kwa hasira, kwa sababu ndiyo njia yangu: angevunjika je, nani alimruhusu, angegongwa na lori je. Alinisubiri nimalize. Ananijua tangu nina meno ya utoto.

Nilipomaliza nikamwuliza, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, "Sasa kama ulijua imeisha, kwa nini hukuondoka?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

"Kwa nini?"

"Ningeondoka mwenyewe, ungebaki unasema nimekukimbia. Ungekaa hapa na mkate wako unasema hivyo." Akanyoosha gongo, akaligonga lile jiwe la mizani kwa ncha yake, taratibu. "Haya, fundi. Imeisha au haijaisha?"

Nilifungua mdomo. Naapa cheni ilikuwa tayari kwenye ulimi, na kiti kilikuwa nyuma yake. Dada alikuwa ananiangalia bila kunicheka, na hilo ndilo lililonishinda.

"Imeisha," nikasema.

"Asante," akasema yeye, akainuka kwenda kufunga vitu vyake.

Alhamisi tulipakia baiskeli juu ya gari, nikamsindikiza mpaka Kirewa na baiskeli yangu nayo juu. Pale njia panda tulizishusha. Mwamba wa Tororo ulionekana mbali, mdogo. Kutoka hapo ilibaki mwendo mfupi, na aliniambia niende naye mpaka kwenye mti wa kwanza wa jirani yake, nisipite. Hakutaka afike anasindikizwa. Alifunga magongo kwenye keria, akajisukuma kwa mguu kutoka kwenye jiwe la kando ya barabara, akaenda. Mguu wake ulikuwa unapanda na kushuka, jiwe la kilo mbili likizunguka upande wa pili. Yangu ililia tik tik kila nilipopumzika. Yake ilikuwa kimya.

Kwenye mti akapunguza mwendo kwa kukaza mguu, nilivyomfundisha, akashusha mguu chini. Nikainama kuangalia cheni, mazoea tu.

"Cheni hii," nikasema, "ukiona imelegea, usimpe mtu mwingine. Ilete kwangu."

"Kwani imelegea?"

"Hapana. Imekaza."

"Basi nitakuja ikiwa imekaza," alisema, akaweka mguu kwenye pedali.