Wekundu wa Sebule

Fundi rangi wa mtaa huu huipiga brashi kofi kwenye kiganja kabla ya kuichovya, kama anayemwamsha mlevi. Kwa wateja ana mdomo: rangi mbaya huiita mbaya, mwenye nyumba anune au asinune. Kwake ndiko ulimi unakokwama. Sebule yake ni nyekundu, wekundu wa jogoo aliyekasirika. Mkewe aliuchagua walipokuwa maharusi, naye fundi akaapa hajawahi kuona rangi nzuri kama ile. Siku hizi akiutazama kichwa kinamgonga. Kusema anaogopa, mama watoto asije akadhani aliyechokwa ni yeye. Basi kila akirudia kupaka, humimina nyeupe kidogo ndani ya kopo, macho mlangoni. Ukuta umeshafika rangi ya ufizi. Juzi alipofika nusu ya ukuta, mkewe akamkuta anamimina.

"Mimina tu, baba watoto. Wekundu huu ulinichosha tangu kifungua mimba anatambaa. Nilidhani wewe unaupenda."

Fundi akaweka kopo chini. "Sasa tupake gani?"

"Sema wewe."

"Aa, sema wewe."

Mpaka leo ukuta umepakwa nusu, na kila mmoja anamngoja mwenzake aseme.