Mashine ya Kuazima

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, alikuwa karani wa zahanati yetu kwa miaka ishirini na miwili, na watu walimwita Bi Kalamu. Jina hilo alibandikwa na mlinzi wa getini, kwa sababu kalamu aliichomeka kwenye nywele asubuhi, na kufika saa nne alikuwa anaitafuta mezani huku akitulaumu sisi. Mimi nilikuwa mtoa dawa, na dirisha langu lilitazamana na meza yake. Haya ninayoyasimulia sikuhadithiwa. Niliyaona, na mengine niliyafanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa kuandikisha wagonjwa na kutunza mafaili, lakini kilichomfanya ajulikane ni barua za maombi. Mizani ya kupimia watoto ililetwa na barua yake. Kitanda cha wazazi kisichoyumba, barua yake. Alikuwa anajua mashirika ya hisani yanavyopenda kuambiwa mambo, na alikuwa na subira na fomu kuliko alivyokuwa na subira na mumewe. Fomu moja ilitaka tueleze shida za kituo kwa maneno yasiyozidi mia tatu. Alicheka mpaka akavua miwani. "Wifi," aliniambia, "hayo mia tatu si yataishia kwenye choo tu?"

Kitu alichokitaka kuliko vyote kilikuwa mashine ya oksijeni, na alikitaka kwa ajili ya yule mlinzi.

Mlinzi tulimwita Mzee Geti. Ujana wake wote aliumalizia kwenye kiwanda cha mbao, akivuta vumbi la msumeno, na alipokuja kwetu kifua kilikuwa kimeshachakaa. Siku nyingi alikuwa mzima, anatania kila anayeingia. Siku nyingine ungemkuta kibandani ameinama, mikono magotini, anatafuta pumzi, midomo imebadilika rangi. Hapo tulimpa dawa ya kuvuta, tukampepea, tukampigia simu mwenye gari, maana hospitali kubwa iko mwendo wa saa nzima na zaidi. Sista, muuguzi wetu mkuu, alisema wazi kwamba siku moja hiyo saa nzima itatushinda.

Fomu ilitaka mfano wa mgonjwa mmoja. Bi Kalamu akamwandika Mzee Geti bila kutaja jina, kisha akaenda kibandani kumsomea, maana hakuwa mtu wa kumwandika mwenzake kisirisiri. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Huyo mtu anasikitisha sana," alisema. "Apewe mashine upesi, masikini."

Maombi mawili ya kwanza yalikataliwa kwa maneno matamu. La tatu lilijibiwa tofauti: shirika lingemtuma mtu Alhamisi aje kutuona, kisha waamue. Bi Kalamu aliisoma barua hiyo mara tatu, na kuanzia hapo hatukupumua.

Mnapaswa kujua alivyolelewa. Mama yake alikuwa mtu wa kuazima vikombe kwa jirani kila mgeni akibisha hodi, na watoto walichapwa wakithubutu kusema hivi si vyetu. Kwa hiyo aliposikia mgeni, wifi yangu alisikia aibu. Tulipaka ukuta chokaa. Tulitoa viti vilivyovunjika tukavificha nyuma ya tangi la maji. Shuka zenye viraka zikakunjwa, zikaletwa shuka za nyumbani kwake, zile zenye maua. Ile beseni tuliyokuwa tunakingia maji ya paa la chumba cha wazazi nikaambiwa niiondoe, na nikaiondoa.

Kisha akafika kwenye swali la tisa la fomu: je, wafanyakazi wenu wanaweza kuitumia na kuitunza mashine mnayoiomba? Swali hilo lilikuwa linamkera tangu mwanzo. Alihisi ndilo lililotuangusha mara mbili. Jumatano asubuhi alimpigia rafiki yake, karani wa kituo cha jirani, akamwomba mashine yao ya oksijeni kwa siku moja.

"Mgeni akija akaona tunaiwasha, tunaifuta, tunaijua," aliniambia, "hatauliza tena. Mwenye nacho ndiye huongezewa, wifi."

Ningependa kusema kwamba nilimkataza. Sikumkataza. Nilimwambia wazo zuri, na tulipoishusha kwenye gari mimi nilishika upande mmoja na Mzee Geti upande mwingine. Sista angetutia akili, lakini alikuwa likizo kwa mwanawe aliyejifungua. Tulibaki sisi wenye hekima zetu.

Mgeni alikuwa mama wa makamo, mpole, viatu vya chini, daftari mkononi. Alizunguka kila chumba bila haraka. Alisifu usafi. Alisifu shuka. Kila sifa ilimfanya Bi Kalamu arefuke kidogo. Walipofika chumba cha mapumziko, mashine ilikuwa inanguruma pembeni, na Mzee Geti amelala kitandani na mrija puani, maana tulikuwa tumemwomba awe mgonjwa wa kuonyeshea. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Alikuwa ametoka kunyoa ndevu.

"Inafanya kazi vizuri?" mgeni aliuliza.

Alikuwa ananitazama mimi. Wifi alipanga kusema hapo kwamba mashine ni ya jirani, kwamba tumeiazima tuonyeshe ujuzi wetu. Nilimsubiri aseme. Alikuwa amefungua mdomo, lakini mgeni akatangulia, "Hongereni sana, vituo vingi haviwezi kutunza kitu namna hii," na mdomo ukafungwa. Nikajibu, "Vizuri kabisa, mama." Mgeni akatoa simu, akampiga Mzee Geti picha. Mzee akatabasamu na mrija wake.

Mashine tuliirudisha jioni ile ile.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, bahasha nene kidogo. Bi Kalamu aliifungua kwa kisu cha karatasi alichokuwa anakitunza kwa barua za maana. Shirika lilitushukuru kwa ukarimu. Lilifurahi kuona kituo chetu tayari kina mashine ya oksijeni na kinaitunza vyema. Kwa sababu hiyo, msaada wa mwaka huu utapelekwa kwenye kituo kisicho na mashine. Na ndani walituwekea ile picha, iliyosafishwa kwenye karatasi nzuri, iwe kumbukumbu.

Aliweka barua mezani akainyoosha kwa viganja viwili kana kwamba imekunjamana. Haikuwa na kunjo hata moja.

"Waandikie leo hii hii uwaambie ukweli," nilimwambia.

"Nitawaambia nini, wifi? Kwamba mimi ni mwongo?"

"Kwamba sisi."

Alisema ataandika wiki ijayo, aibu ikipoa. Wiki ijayo ikawa na mambo yake. Watu husema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wetu hakuchelewa.

Aliyeichukulia kwa wepesi ni Mzee Geti. Aliomba ile picha, akaibandika kibandani juu ya kiti chake. "Nimetoka vizuri," alisema. "Kuhusu mashine usijitese, binti. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako." Akacheka mpaka akakohoa. Bi Kalamu hakucheka.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, foleni imejaa. Mama mmoja aliingia akasema mlinzi wenu ameanguka. Tulimkuta amekaa chini, ameegemea mlango wa kibanda, anavuta hewa isiyoingia. Sista alimpa dawa ya kuvuta, mara ya kwanza, mara ya pili. Bi Kalamu alimpigia rafiki yake wa kituo cha jirani, na nilimsikia akisema, "Tafadhali, tafadhali, dada yangu." Mashine ilikuwa inatumika. Ilikuwa puani kwa mtoto mchanga, na hakuna mtu angeitoa pale. Gari lilipatikana, la mwalimu aliyekuwa amemleta mkewe kliniki. Bi Kalamu alikaa nyuma na kichwa cha Mzee Geti mapajani. Aliniambia baadaye kwamba mpaka katikati ya njia mzee alikuwa bado anajaribu kumwambia kitu, na yeye anamwomba asiongee, atunze pumzi. Hakujua alitaka kusema nini. Hilo linamsumbua mpaka leo, na linanisumbua na mimi.

Hawakufika hospitali.

Siku ya pili binti yake alikuja zahanati. Mzee hakuwa mtu wa picha, na familia ilitaka moja ya kuweka msibani. Nilimwongoza kibandani. Hapakuwa na nyingine ila ile. Binti aliibandua taratibu isichanike, akaitazama muda mrefu: baba yake kwenye shuka safi za maua, ndevu zimenyolewa, mrija puani, mashine nyuma yake.

Akatugeukia sote wawili. "Nilikuwa nawaza labda alikosa hewa akiwa peke yake," alisema. "Kumbe mlimwekea mashine. Ahsanteni, mama zangu. Hilo limenituliza."

Wifi yangu, mwanamke aliyejaza fomu za nchi nzima, alinitazama mimi. Nami nikasema, "Karibu ndani, mwanangu, unywe hata maji."

Alipoondoka na picha, Bi Kalamu alirudi mezani, akachomoa kalamu kwenye nywele bila kuitafuta, akawaandikia shirika. Ilikuwa barua fupi kuliko zote alizowahi kuandika. Ilianza, "Mashine mliyoiona haikuwa yetu." Akaeleza yote, picha, shuka, beseni, na mlinzi. Akatia sahihi. Nikaomba kalamu, nikatia na yangu chini yake.

Mashine ililetwa mwaka uliofuata. Iko chumba cha mapumziko, pembeni palepale, na imeshawasaidia wengi. Wageni wakija siku hizi, wifi, ambaye amestaafu lakini hupita kuangalia, huwaambia vijana waiache beseni chini ya paa linapovuja.

Barua ile ya ukweli tuliituma kwa watu wa mbali ambao hatutawaona tena. Binti yake Mzee Geti anaishi mtaa wa pili. Kila akipita mbele ya zahanati husimama, akatusalimia, akatushukuru kwa mashine tuliyomwekea baba yake. Tunaitikia. Hatujawahi kumwambia.