Nilivyomvizia Fundi Anayewahi

Hapa Likasi, mtu akiwahi kazini kila siku mimi namshuku. Ilunga, fundi mpya wa karakana ninayoiongoza kule mtaa wa Panda, hufika kabla ya jua. Anatafuta nini, kama si nyaya zetu za shaba?

Jana nikadamka, nikajibanza nyuma ya mapipa nimvizie. Mlinzi wa usiku, ambaye huondoka kabla sijafika, akanikaba kola.

“Mwizi!”

“Niache! Ni miye chef ya hapa!”

“Bongo! Unadanganya! Chef anafikaka jua ikiisha kuwaka!”

Ilunga akaacha kufagia, akaitwa anitambue. Akanimulika kwa simu, akatazama saa yake, akanimulika tena.

“Sura iko ya chef,” akamwambia mlinzi, “lakini saa haiko yake.”