Kuchagua Vipande vya Ukili Ulioharibika

Siku yangu ya kwanza kwenye banda la mikeka pale Chumbageni, miaka ya hamsini, Bi Msimamizi, Zena binti Athumani, aliyekuwa akichechemea kwa goti bovu, aliitikia shikamoo yangu akanikabidhi kamba iliyotungwa vipande vya ukili ulioharibika. Ukili, wajukuu zangu, ni ule utepe mrefu wa ukindu unaosukwa, kisha ukashonwa kuwa mkeka. Kila kipande kilikuwa na kosa, na pembeni yake kosa lilivyorekebishwa. Msusi akikwama, kazi yangu ni kumchagulia kipande kinachofanana na balaa lake, akitazame, ajitengenezee mwenyewe.

Nilidhani nitachagua kwa macho. Bi Zena akaniambia, "Macho baadaye. Muulize kwanza alikuwa anazungumza nini."

Kumbe ndivyo. Apigaye vigelegele huruka chane, yaani ule ujani uliochanwa mwembamba. Amsemaye wifi yake hukaza mno, ukili ukapinda. Fatuma Saidi wa Mwera alikuwa na ukili uliopinda kila Jumatatu, maana Jumapili wifi humtembelea.

Akaja Mwanaidi binti Kombo wa Mkwaja, mgeni bandani, na ukili wa mkeka wa harusi. Wenyewe wanaufuata alasiri, na Bi Zena alishamwambia akiharibu tena arudi kwao. Katikati ya ukili maua yalikuwa yamehamia mgongoni. Nikampa kipande cha vigelegele, sicho. Cha wifi, sicho. Nikamuuliza alikuwa anasema nini. Akaapa hakusema kitu. Fatuma akakohoa, akasema ni kweli, hakusema, alikuwa anatembea.

Bi Zena akasogea. "Anatembea vipi?"

Mwanaidi akamgeukia Fatuma kwa jicho kali.

"Mwanangu, watu wana harusi. Onyesha."

Mwanaidi akabana ukili kwapani, akabinua kiuno, akachechemea banda zima kidole juu, Bi Zena mwenyewe kabisa. Sisi kanga midomoni. Hapo nikaona: ukili uligeuka kwapani, naye alipokaa akaendelea upande usio wake. Nikatungua kipande cha msusi aliyeinuka kumfungulia mgeni mlango. Ndicho. Akafumua hadi alipoinukia, akasuka upya, na mkeka ukaondoka alasiri.

Jioni Mwanaidi akaenda kuaga akijua ni moja kwa moja. Bi Zena akamwambia, "Kesho njoo na mwendo wako, wangu niachie."

Nilistaafu macho yalipoanza kuona chane mbili penye moja. Msimamizi wakati huo alikuwa Mwanaidi, na siku ya kuniaga tukamwomba atembee tena. Bi Zena, kikongwe sasa, alikaa mbele, akamtazama mpaka mwisho bila kucheka.

Kisha akasema, "Goti ni la kushoto."