Cucu aliyekataa kuinua mkono

Leo nusura niandike kwamba Cucu Wanja, bibi mzee niliyekuwa nampima, ni kiziwi.

Niko Kianjokoma, utafiti wangu wa chuo ni wa kusikia kwa wazee. Unavaa hedifoni, ukisikia mlio unainua mkono.

Cucu hakuinua hata mara moja. Nikaongeza sauti. Wapi.

Nikamuuliza kwa nguvu kama anasikia.

"Usinipigie kelele, nasikia. Wakati wa Emajensi ya mkoloni niliinua mikono nikiwa msichana mdogo, bunduki iko hapa kifuani. Nilisema sitainua tena."

Nikaomba jikoni njahi, yale maharagwe meusi, na sufuria. Kila mlio, adondoshe punje moja.

Jamani, hakukosa hata mmoja. Hata ule mwembamba wa mwisho, ambao mimi mwenyewe huwa siusikii.

Kwenye fomu nimefuta "inua mkono". Kuanzia kesho, kwa wazee wote ni njahi.