Mkalimani na Filamu Isiyo na Chombo

Mtaani walimwita Mkalimani, ijapokuwa hakuwahi kusimama mbele ya hakimu wala mheshimiwa yeyote kumfasiria neno. Kazi yake ilikuwa kuketi kando ya kitambaa cheupe katika ukumbi wa video wa mdogo wake, kipaza sauti mkononi, na kuwaeleza watazamaji kwa Kiswahili yale ambayo waigizaji walikuwa wakisema kwa lugha yao. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la saruji hapo zamani. Mabenchi yake hayakuwa na migongo, feni yake ilizunguka huku ikilalamika, na vumbi la kijivu halikukoma kuchuruzika kutoka kwenye pembe za kuta hata lifagiwe vipi.

Filamu za ngumi na za mapenzi alizitafsiri kwa sababu ndizo zilizojaza mabenchi. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwenye filamu za sayansi ya kubuni. Alikuwa na chache alizozipenda kuliko zote: ile ya mtumishi wa chuma aliyejifunza kusema uongo ili asimhuzunishe bwana wake, ile ya mji ulionunua mvua kwa saa, na ile ya wasafiri waliolala usingizi mrefu kuelekea nyota ya mbali, wakaamka na kukuta wajukuu wa majirani zao wamekwisha kufika kwa njia ya mkato. Alizijua kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake gizani.

Juu ya maana ya filamu za aina hiyo aligombana na kinyozi wa jirani karibu kila Jumamosi.

"Filamu ya sayansi ni chombo na bunduki za mwanga," kinyozi alisema. "Bila chombo, mzee wangu, hiyo ni harusi tu umetuwekea."

"Chombo ni nguo," Mkalimani alimjibu. "Mtu havai nguo akawa mtu mwingine. Filamu ya sayansi ina jambo moja tu ambalo halipo duniani. Mengine yote ni kama hapa mtaani. Ling'oe jambo hilo. Kisa kikiporomoka, hiyo ni sayansi. Kikibaki kimesimama, basi ulikuwa unatazama ngumi zilizovaa helmeti."

"Na jini je? Jini naye hayupo duniani."

"Jini hadaiwi maelezo. Anatokea, anakutisha, anaondoka zake. Mtambo unadaiwa. Lazima ukuambie umetengenezwa na nani, na kwa nini, na ni nani atakayelia kwa ajili yake."

"Haya, profesa," kinyozi aliguna. "Tuwekee chombo."

Ubishi huo ungekuwa mtamu kama Mkalimani mwenyewe angekuwa msafi. Hakuwa. Miaka mingi nyuma, alipokuwa bado mgeni wa kipaza sauti, alitafsiri kwa uaminifu kabisa kauli ya nahodha mmoja: "Vyombo vimetua." Sauti ikatoka gizani: "Nani ataviosha?" Ukumbi ulicheka hadi watu wakashikana mabega. Siku hiyo Mkalimani alionja kitu ambacho hakukiacha tena. Viumbe wa sayari nyingine akawaita wageni. Na walipotoboa ukuta wa chombo ili wawale mabaharia, alitangaza kwamba wageni wamefika na hawakupiga hodi. Akaanza kuongeza chumvi kidogo hapa, kidogo pale, mpaka ikafika hali ambayo watu waliingia kwa ajili ya chumvi na kuikodolea macho filamu kwa ajili ya adabu tu.

Nyumbani hakuwa na maneno. Yeye na mkewe walikuwa wamempoteza binti yao wa pekee, akiwa bado na meno ya utoto, kwa homa iliyoanza asubuhi kama mafua. Tangu siku ya mazishi mama mtu hakumwita mumewe tena "Baba" na jina la mtoto, kama alivyozoea. Alimwita "bwana", na yeye akaitika. Kitanda kidogo kilitolewa chumbani. Binti hakutajwa. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na kungoja huko kukageuka kuwa ndiyo desturi ya nyumba.

Ndipo ilipomwangukia mikononi filamu moja isiyo na chombo, isiyo na bunduki, isiyo na mgeni hata mmoja. Ilimhusu mama aliyefiwa na mwanawe akaenda kwa daktari mwenye mtambo wa kung'oa kumbukumbu moja kutoka kichwani. Mama anaamka akiwa mwepesi, anaimba jikoni, huku mumewe amebaki kukumbuka peke yake. Mkalimani aliitazama akiwa peke yake ukumbini. Kila alichoshindwa kumwambia mkewe kilikuwa kimesemwa humo. Kilichobaki ni kukitia katika Kiswahili.

"Kuna filamu nataka uje kuiona," alimwambia mkewe.

"Mimi na filamu wapi na wapi, bwana?"

"Hii haina vita."

"Ina nini basi?"

"Ina mama."

Mkewe aliendelea kukunja nguo. Alipofika kwenye shuka la mwisho ndipo aliposema, "Nitakuja."

Mdogo wake hakuipenda habari hiyo. "Kaka, mimi nakuheshimu, lakini watu wanataka mpira. Nimekwisha kuulizia king'amuzi. Leo wakikuchoka, Jumamosi zote ni za mpira, usininunie."

"Hawatachoka," alisema Mkalimani. Aliapa moyoni kwamba hatatia hata punje moja ya chumvi.

Alasiri hiyo mkewe aliingia akiwa amevaa nguo anazovaa akienda kumtazama mgonjwa hospitali, akaketi benchi la nyuma, mikono mapajani. Mkalimani alianza. Alitafsiri neno kwa neno, kwa sauti ya chini. Mama alipolia, yeye alinyamaza; daktari alipoeleza mtambo wake naye alieleza. Ukumbi ulimsikiliza kwa kitambo, kisha ukaanza kujikuna.

"Mzee, betri imeisha?" mmoja aliuliza.

"Chombo kiko wapi?" kinyozi alipaza sauti. "Au kimeharibika njiani?"

Wawili wakainuka. Wengine wakafuata, wakikanyagana na kuombana radhi kwa kelele. Mlangoni mdogo wake alimtazama, akaunda duara hewani kwa viganja vyake: mpira. Mkalimani aliyaona hayo yote. Alimwona pia mkewe, ambaye alikuwa ameinama mbele kidogo, kama mtu anayesikiliza jina lake likitajwa mbali.

Ikafika sehemu aliyoisubiri. Mama, akifagia, anakuta kandambili ndogo chini ya kitanda. Anaipima kwenye kiganja chake. Hajui ni ya nani. Mkalimani alikuwa ameyapanga maneno ya hapo kwa majuma: "Kuna mtu alikuwa humu ndani, na mimi sikumwona akitoka." Alivuta pumzi ayatamke.

"Kiatu cha nani hicho?" mtu akapiga kelele.

Na mdomo wake, uliofunzwa miaka mingi, ukauacha moyo nyuma: "Cha fundi bomba! Alikuja kuziba mfereji, kiatu kikarukiwa na maji, kikasinyaa!"

Ukumbi ulilipuka. Waliokuwa mlangoni walirudi mbio. Kinyozi alilipiga benchi kwa ngumi. Baada ya hapo Mkalimani hakuweza kujizuia, au pengine hakutaka. Kicheko kilimbeba kama pombe inavyombeba mlevi. Mume mwenye majonzi akawa bwege anayemtafuta fundi bomba kabatini. Daktari akawa tapeli wa mjini. Na mwishoni, mama aliporudi kliniki, akaketi kwenye kiti cha chuma, akasema maneno machache yaliyokuwa kiini cha filamu nzima, Mkalimani alimtilia kinywani haya: "Daktari, maadamu mtambo bado una moto, basi ning'olee na mama mkwe!"

Watu walitoka wakijifuta machozi. Mdogo wake alimkumbatia mbele ya wote. "Kaka, leo umeua! Umeua kabisa! Jumamosi ijayo tunairudia." Kisha akamgeukia mkewe Mkalimani. "Shemeji, umemwona mumeo?"

"Nimemwona," alijibu.

Walirudi nyumbani. Mkewe alitangulia hatua chache, na hakupunguza mwendo. Alipokwisha kufungua mlango, kufungua dirisha na kumimina kwenye bilauri maji ambayo hakuyanywa, aliuliza akiwa amempa mgongo:

"Yule mama, kule mwishoni. Alisema nini hasa?"

Mkalimani aliketi. Alijibu taratibu, akilipima kila neno, kama alivyokuwa amekusudia kufanya tangu mwanzo. "Daktari alimwambia kwamba kumbukumbu haiwezi kurudi, imekwisha kuteketezwa. Kinachoweza kurudi ni uchungu peke yake. Atalia, lakini hatajua anamlilia nani. Hataona sura, hatajua jina."

"Na yeye?"

"Alisema, 'Nirudishie. Nitamlilia hivyo hivyo.'"

Mkewe aligeuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alimtazama usoni bila haraka, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Mkalimani alidhani mlango umefunguka.

"Ndivyo alivyosema, au umenitungia sasa hivi kwa kuwa unajua ndicho ninachotaka kusikia?"

"Ndivyo alivyosema. Nakuapia."

Alipoapa, alijisikia mwenyewe: ilikuwa ile ile sauti ya kipaza sauti, nene, yenye kujua pa kutua.

"Nitakuletea filamu yenyewe," alisema kwa haraka. "Tutaitazama sisi wawili. Utaona kwa macho yako."

"Nitaona midomo ikicheza, bwana. Lugha yao mimi siijui." Aliyamwaga yale maji kwenye ndoo. "Nitalazimika kukuuliza wewe."

Aliingia chumbani. Mkalimani alibaki kitini akiyarudia maneno ya yule mama polepole katika lugha ya filamu yenyewe, moja baada ya jingine. Yote aliyomtafsiria mkewe yalikuwa sahihi.